Choo Kisichojaa

Wewe uliyelala chali ukihesabu misumari ya mabati ya wodi, pole. Najua huwezi kujibu, ulimi umekauka kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Basi nitaongea peke yangu, kazi ambayo walimu wangu wote watakuambia naiweza. Naitwa Makori, niko kidato cha pili, na mwaka jana homa ya matumbo ilinitafuna tangu mvua ndefu mpaka wimbi lilipokuwa tayari kuvunwa. Sikufa. Ninakuandikia wewe ambaye bado hujafa, na hasa wale walio nyumbani kwenu wakati huu, wakichota maji.

Sisi ni watu wa vilima vya Gusii, upande wa mawe ya sabuni. Wenzetu wa Manga na Keroka wana majani ya chai, sisi tuna ndizi na mashimo. Jiwe letu ni laini, unalichonga kwa kisu, na lori huja kulibeba likauzwe kwa wachonga vinyago. Baba yangu ni mchimbaji. Shimo lake la kwanza lilikuwa nyuma ya boma, mahali mteremko unapoanzia. Mteremko huo unapoishia, chini ya migomba, ndipo ilipo chemchemi yetu, ambayo ukoo wetu wote umeinywa tangu babu alipokuwa akitambaa.

Shimo lilipofika kina cha watu wanne waliosimamiana mabegani, jiwe lilianza kulia. Hivyo ndivyo wachimbaji wanavyosema maji yanapopenya kwenye nyufa. Asubuhi Baba alikuwa akiteremka anakuta maji ya magoti. Kufikia adhuhuri hayapo, yamezama katika ufa mmoja mweusi pale chini. Hakuna aliyeuliza yalikokwenda. Mchimbaji akishaona maji yameondoka hushukuru, hayafuati kuyaaga. Lakini kazi ikawa ya usumbufu, Baba akahamia shimo jingine ng'ambo ya njia.

Kisha kaka yangu Onsare akataka kuoa, na hapo ndipo hadithi inapoanza kunuka.

Kwetu kuna heshima inayoitwa chinsoni. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono, hawakalii kitanda kimoja, na choo kimoja hawakitumii hata ukiwaelekezea bunduki. Boma letu lilikuwa na choo kimoja, cha Baba na Mama. Kwa hiyo kabla bibi arusi hajafika ilibidi kiwepo cha pili, na kuchimba choo kwenye mwamba ni kazi ya msimu mzima. Baba akalitazama lile shimo lake la zamani akaona Mungu alikwisha kumfanyia kazi. Wakalaza magogo juu, wakakandika udongo, wakasimamisha kibanda cha nyasi. Kwamboka, mke wa Onsare, akaolewa akakuta choo kirefu kuliko vyote mlimani.

Bwana Afya alipopita kukagua vyoo alitupa kijiwe ndani, akatega sikio, akangoja, akangoja tena. "Mzee," akasema, "hiki sasa ndicho choo!" Baba aliitembeza sifa hiyo kanisani Sabato tatu mfululizo.

Tena hakikujaa. Onsare na mkewe walikitumia, na sisi vijana tuliotahiriwa, ambao hatulali tena nyumba ya mama bali katika kibanda chetu cha saiga, tulikitumia. Wageni wa arusi walikitumia, kwaya ya Waadventista kutoka Kiogoro ilikitumia, na wewe unajua kwaya ikishakula. Miaka mitatu. Ukichungulia, giza lilikuwa mbali vilevile. Tulijisifu. Mimi ndiye niliyetunga msemo kwamba choo chetu ni kama tumbo la mzee wa kanisa siku ya karamu ya makambi.

Homa ilinianza darasani katika somo la hesabu, na hilo ndilo lililokaribia kuniua. Mwaka ule nilikuwa nimekwisha kuugua mara tano, zote siku za hesabu. Nilipoweka kichwa juu ya dawati mwalimu aliuliza, "Leo Makori anakufa na nini? Bado hajafa na surua." Darasa likacheka. Nami ningecheka, ila kichwa kilikuwa kikipigwa kwa sululu kutoka ndani.

Nyumbani ilikuwa hivyohivyo. "Mwigizaji, inuka ukakate majani ya ng'ombe," Baba alisema mlangoni mwa saiga. Siku ya pili akasema tena. Siku ya nne nilinyanyuka kumwonyesha kwamba siigizi, nikaanguka na jembe. Hata hapo Onsare alipiga makofi. Aliyejua ni Mama. Alileta ugali wa wimbi na maziwa ya mgando, nikageuzia ukuta uso. Mama akaweka sahani chini polepole akasema, "Huyu ni mgonjwa. Makori anaweza kudanganya kwa kila kiungo chake, isipokuwa mdomo wa kula."

Walinilaza juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne wakanibeba mpaka barabarani, na kwa kuwa gari lililokuwepo ni lori la mawe, nikapandishwa juu ya mawe. Dereva alinitazama akauliza, "Na kinyago hiki nacho kinakwenda kuuzwa wapi?" Nilitaka kumjibu. Ndiyo mara ya kwanza maishani nilipoona jibu zuri likipita mbele yangu nikashindwa kulikamata.

Nikuambie kuhusu benchi za hospitali, maana hakuna anayekuambia. Utangoja. Utafika umande haujakauka na utangoja mpaka kivuli cha paa kitoke miguuni pako kiende ukutani kirudi. Pembeni yangu aliketi mama mmoja wa Kiogoro akiwa na mtoto wake mwenye mguu uliooza. Hakunijua. Lakini nilipoanza kuinama upande aliuhamisha mguu wa mtoto wake, akachukua kichwa changu akakilaza pale palipobaki kwenye paja lake, akaendelea kungoja. Nilimtapikia kanga. Akaikunja upande wa pili. Sikupata hata kulijua jina lake, na ukimwona mwambie asante.

Wodini tulilala wawiliwawili, kichwa huku na miguu kule. Mwenzangu alikuwa mzee wa Keroka, hivyo kwa juma zima niliishi na nyayo zake. Nilizijua nyufa zake kama ramani ya jiografia. Nikazipa majina ya mito. Asubuhi moja nilizitania kama kawaida, zikawa za baridi. Walipomwondoa, kitanda kilikuwa kipana mno.

Sasa mwili. Usitishike, nakuambia ili usidhani ni wewe peke yako. Tumbo litavimba na kulia kama ngoma yenye maji. Kitakachotoka kitakuwa na rangi ya uji wa mahindi, na kitatoka bila kubisha hodi. Nesi wa umri wa dada yako atakugeuza na kukupangusa, nawe utatamani kufa, naye atakuwa anamsimulia mwenzake habari za arusi. Masikio yangu yaliziba, nikawa nasikia nyuki. Nilizungumza na watu wasiokuwepo. Homa ilipoanza kushuka nywele nazo zikaanguka, nikajikuna nikatoka na konzi nzima. Niliomba kioo, nikamwona humo mzee mdogo aliyekonda, mwenye kichwa cha kuku aliyenyonyolewa nusu. Nilijicheka mpaka sindano ya mkononi ikachomoka. Huo ndio mwanzo wa kupona kwangu.

Aliyenichoma sindano alikuwa mzee mmoja dresa, mfunga vidonda wa wodi, ambaye wote tulimwita Daktari ili atuchome taratibu. Siku aliyoniona nikicheka alianza kuniuliza maswali.

"Mnachota wapi maji?"

"Chemchemi, Daktari. Yanatoka ndani ya jiwe, safi. Si ya mtoni hayo."

"Mnachemsha?"

"Ya mtoni ndiyo huchemshwa. Ya chemchemi kuyachemsha ni kuyatukana."

"Na choo mnacho?"

Hapo nikapanda jukwaani. Nilimweleza shimo la mawe la Baba, kina chake, kijiwe cha Bwana Afya, kwaya ya Kiogoro, tumbo la mzee wa kanisa. "Miaka mitatu, Daktari, hakijajaa hata robo!"

Hakucheka. Alibaki ameshika sindano hewani. "Kijana," akasema, "kila kitu duniani kina kinakokwenda. Cha kwenu kinakwenda wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu kwa mzaha, kisha nikauona ule ufa mweusi chini ya shimo. Nikaona mteremko, nikaiona migomba, nikaona kibuyu cha Mama kikizamishwa. Nikamweleza habari za ufa huo.

"Wachimbaji mmetoboa paa la nyumba ya maji," akasema, "kisha mkaketi juu ya tundu. Nenda ukamwambie baba yako alizibe. Usimwambie kwa utani."

Nilirudi nyumbani wimbi likianza kugeuka rangi. Tulikuwa mifupa na macho, mimi na fimbo yangu. Jioni ileile nilimwambia Baba kila kitu, na kwa mara ya kwanza sikutia chumvi.

Baba alisikiliza. Baba si mjinga wala si mkatili, naomba ulishike hilo. "Bwana Afya mwenyewe alikisifu," akasema. Kisha, "Tukikifunga, mke wa kaka yako ataenda wapi? Kwenye choo changu?" Hata kulitamka tu kulimfanya atazame chini. "Baada ya mavuno tutachimba kingine. Mwamba huu hauchimbwi kwa maneno."

"Basi tuchemshe maji sote."

"Kuni za nani?"

Kwa hiyo yalichemshwa yangu tu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa. Katika boma zima, chungu kimoja chenye kifuniko, cha Makori. Dada yangu mdogo, Moraa, wa darasa la pili, ndiye aliyekuwa akiniletea kikombe. Aliwahi kuonja akatema. "Maji yako yana ladha ya sufuria," akasema. "Ya wazee wasio na meno." Halafu akanywa yake ya chemchemi, baridi, mbele yangu, akipiga ulimi makusudi ili anitie wivu. Nilimwambia acha. Alifikiri ninatania. Kila mtu alifikiri ninatania. Wakati huohuo shangazi zangu walikuwa wakinong'ona jikoni kwamba ugonjwa haukuwepo bomani hadi Kwamboka alipoolewa, na Kwamboka alisikia, akawa anapika bila kuinua uso.

Ndipo nikaamua kuthibitisha. Katika stoo ya shule yetu kulikuwa na makopo ya unga wa wino, ya tangu enzi za wakoloni, ambayo hakuna aliyeyagusa tangu kalamu za biki zilipokuja. Siku ya kwanza niliporudishwa shule niliyaiba manne. Nikayakoroga ndani ya debe la maji, nikalimwaga lote kwenye kile choo, nikafuatisha madebe mawili zaidi ya maji ya mvua. Nikangoja.

Siku ya pili asubuhi wanawake walipiga kelele chemchemini. Nilishuka na fimbo yangu. Maji yalikuwa ya samawati, si mazito, lakini uliyaona kwenye kibuyu kama anga ya asubuhi. Nyanya mmoja alikuwa amepiga magoti akiomba.

"Ni mimi!" nikasema kwa furaha. Kwa furaha, unanisikia? "Niliumwaga wino kule chooni juu. Mmeona unakotokea?"

Jirani mmoja akasema, "Makori ametia wino kwenye chemchemi."

"Sikutia kwenye chemchemi! Nimetia chooni!"

"Ametia sumu kwenye maji ya watu. Mtoto huyu homa imemla akili."

Nilizunguka nikiwaeleza mmoja mmoja. Wino, choo, ufa, chemchemi. Walisikia neno moja tu, wino, kwa sababu lilitoka kwa Makori. Mwalimu mkuu alinichapa kwa wizi. Ukoo ulitudai tutakase chemchemi, na kwa siku tatu hakuna aliyeteka pale. Siku ya nne maji yakawa meupe, wakafurahi kwamba yamepona, wakarudi na vibuyu vyao. Ungekuwa wewe ungecheka au ungelia? Mimi nilikaa saigani nikajua kwamba utani wote nilioutapanya miaka yote ile umekuja kudaiwa siku moja, na siku hiyo ndiyo niliyokuwa na ukweli.

Moraa alikwisha kuanza kuumwa kichwa.

Sitaki kukaa hapa sana. Ungejua mapema kuliko wao, kama ungekuwa na masikio yangu. Nilimsikia akisema "nyuki" nikamwamsha Mama. Hakuna aliyengoja siku nne safari hii. Baba alimbeba mgongoni mwenyewe mpaka barabarani. Alilazwa wodi ya watoto. Nilimtembelea nikamwonyesha kichwa changu, mahali nywele mpya zilipoanza kuota kama nyasi za uwanjani, nikamwambia na yeye ataota nyingine. Aliniuliza kama zitakuwa za rangi ya wino. Ndiyo, nikasema, utakuwa msichana wa kwanza Gusii mwenye nywele za samawati. Alitabasamu upande mmoja tu. Tumbo lake lilitoboka ndani siku mbili baadaye. Alikuwa mdogo, nguo ya Sabato ilimtosha bila kuongezwa, ile aliyovaa mwaka uliotangulia.

Tulimzika Jumatano. Mzee wa kanisa alisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Baba alikuwa ameinamia udongo. Alikuwa anautazama jinsi unavyokunywa maji ya mvua, manyunyu yakianguka na kutoweka, yakianguka na kutoweka.

Jumamosi, wote wakiwa wamevaa kwenda kanisani, Baba alitoka na nguo zake za machimbo. Mvunja Sabato hajawahi kutokea katika nyumba yetu. Alikibomoa kibanda cha nyasi kwa mtaimbo. Akayang'oa magogo. Kisha akaenda kwenye rundo la mawe yake bora, meupe na ya rangi ya waridi, yaliyokatwa tayari yakingojea lori, akalikumbatia la kwanza akaja nalo, akalitupa shimoni. Lilichukua muda kulia.

Onsare alimwita, "Baba, hayo ni ya kuuza!" Baba akaenda kuleta la pili. Onsare akavua koti. Mimi nilibeba vipande vidogo, vya mtu aliyetoka kaburini juzi.

Mzee wa kanisa alipita njiani na Biblia kwapani akasimama. "Ndugu, leo ni Sabato. Majirani wanaona."

Baba alipangusa uso. "Ng'ombe wako akitumbukia shimoni siku ya Sabato, unamwacha mpaka Jumapili?"

"Ng'ombe ni jambo jingine..."

"Mimi humu ametumbukia mtoto," Baba akasema.

Yule mzee aliiweka Biblia juu ya kisiki, akakunja suruali yake nzuri.

Nilipoinua macho nilimwona Kwamboka. Alikuwa ng'ambo ya shimo, kanga kiunoni, jiwe kichwani. Chinsoni haikumruhusu kumsogelea mkwewe aliyekuwa kifua wazi, basi alizunguka mbali, akawa anajazia upande wake na Baba upande wake, bila kutazamana hata mara moja. Mawe yao yalikuwa yanakutana chini. Walijaza hivyo mpaka jua likainama, wakamalizia kwa udongo wa mfinyanzi na kuukanyaga, wala hakuna shangazi aliyethubutu kunong'ona tena.

Chemchemi hatuinywi. Bwana Afya alikuja, safari hii hakutupa kijiwe. Nilimuuliza itapona lini, akasema hilo aulizwe mwamba. Tunateka maji ng'ambo ya vilima viwili, tena tunayachemsha, ya kila mtu. Kama kwenu mnachimba jiwe, au kokoto, au dhahabu kama kule bondeni, tafuteni kwanza maji yenu yanapita wapi chini ya miguu yenu. Na mtoto mpuuzi wa kwenu akija na habari, msikilizeni habari, mtamchapa baadaye.

Jioni ile ya Jumamosi Baba aliniita faraghani. Hakuweza kusema na Kwamboka jambo kama hilo, wala na Onsare.

"Mwambie mke wa kaka yako," akasema, akitazama migomba, "choo cha nyumbani ni chake sasa. Jana nilikipaka udongo mpya na nikageuza mlango upande mwingine. Mimi sitakikanyaga tena."

"Na wewe, Baba?"

"Nina jembe."

Kuchimba kingine katika mwamba kulimchukua mpaka mvua fupi zikaisha. Muda wote huo, kila alfajiri, mwenye boma, baba wa watu, mtu aliyesifiwa kanisani, alipita mbele ya saiga na jembe begani kama mtoto, akaenda mbali ng'ambo ya kilima, mahali maji hayateremkii kwa mtu, akafukia. Siku ya kwanza nilikuwa mlangoni nikipiga mswaki. Mizaha kumi ilikuwa imejipanga mdomoni mwangu, mizuri, sijawahi kupata mizuri kama ile.

Nikarudi ndani, nikavuta mlango, nikangoja mpaka alipopita.